Mama Reko Akipiga Hodi, Tumfungulie

Wiki hii hatuandiki juu ya mapishi wala juu ya likilimba. Tunaandika juu ya mtoto ambaye nusura tumpoteze, na juu ya mwanamke aliyerudishwa langoni siku mbili kabla mtoto huyo hajaugua.

Mama wa mtoto yuko katika kimoja cha vikundi vyetu. Ametupa ruhusa tueleze habari yake, ila jina lake na avenyu yake hatutaviandika. Ilikuwa mwezi wa Januari. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na sisi tunaokaa katika kartie za chini tunajua maana yake: mashimo ya vyoo yanajaa, maji yanatembea toka lupango moja hadi lingine, na kisima tunachotegemea hatujui tena kimeingiwa na nini.

Siku ya Jumanne mama reko wa avenyu alipita. Alipiga hodi, akauliza maji ya kunywa yanatoka wapi na kama yanachemshwa au kutiwa dawa. Mama yetu alikuwa jikoni anasonga bukari, amechoka, watoto wanalia njaa. Akamjibu akiwa ndani, bila kufungua: «Mama, leo hatuna nafasi. Kila siku mnaandika tu, hatuoni mnacholeta.» Mama reko akasema asante, akaenda lupango la pili.

Alhamisi jioni mtoto, mwenye miezi 14, akaanza kuharisha. Nkambo yake akasema ni meno. Wakampa chai ya rangi, wakamnyima ziwa kwa kuogopa kwamba litaongeza kuharisha. Saa nne ya usiku mtoto alikuwa anatoa maji matupu na kutapika, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Baba alikuwa safarini Kasumbalesa. Pesa ya pikipiki haikuwako. Ndipo kijana mkubwa akatumwa akimbie kwa mtu wa karibu anayejua mambo ya wagonjwa, na mtu huyo alikuwa yule yule wa Jumanne.

Alikuja na kikwembe juu ya nguo ya kulalia, tochi ya simu mkononi. Hakukumbusha neno la Jumanne. Aliminya ngozi ya tumbo la mtoto, akaona inarudi polepole. Akaomba maji yaliyochemshwa, akapima litre moja, akachanganya pakiti ya serumu ya kunywa, akaanza kumpa mtoto kwa kijiko. Mtoto alipotapika, alingoja dakika kumi, kisha akaendelea polepole zaidi. Akamwambia mama arudishe ziwa. Halafu akasema: «Huyu hawezi kungoja kesho.» Akaandika jetoni ya kumtuma mgonjwa, na wote wawili wakatembea kwa miguu hadi kituo cha afya, mtoto mgongoni, kila wakisimama wanampa kijiko. Muuguzi wa zamu alimtia serumu ya mshipa usiku ule ule. Siku ya Jumapili mtoto alirudi nyumbani, akaomba bukari.

Habari hii ilipofika katika mkutano wetu, wengi tulimshukuru Mungu, na ni haki. Lakini mmoja wetu akauliza: «Huyu mama aliyeamka usiku, nani anamlipa?» Hatukuwa na jibu. Tukaona aibu, maana anapita kwetu kila mwezi na hatukuwahi kumwuliza. Kwa hiyo tuliomba kutembea naye, na tuliwauliza wenzake wa sehemu nyingine za mji. Haya ndiyo tuliyoyajifunza.

Reko ni nani

Neno lenyewe linatoka katika Kifaransa, ni kifupi cha maneno mawili yenye maana ya mtu anayeunganisha jamii na huduma. Katika mazungumzo yetu tunasema «ba-reko». Hapa tutaandika wareko. Ni mwanamke au mwanaume wa kartie, anayekaa katika kartie, aliyechaguliwa na watu wa kartie. Si muganga wala muuguzi. Anafundishwa siku chache, anarudishwa kukumbushwa mara kwa mara, na anafanya kazi chini ya muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule tunayemwita IT.

Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519. Hapa Lubumbashi zoni hizo tunazijua kwa majina: Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi, Kisanga, Mumbunda, Tshamilemba, Vangu na nyingine. Kila zoni imegawanywa katika maeneo madogo, na kila eneo lina kituo chake cha afya. Karibu na kituo kuna kamati ya maendeleo ya afya, CODESA, ambamo wareko wanakaa pamoja na IT kuzungumza juu ya matatizo ya eneo. Ukisikia kwamba kartie yako imeonekana kuwa na watoto wengi wasiopata chanjo, au wagonjwa wa kuharisha wameongezeka, mara nyingi habari hiyo ilianza katika daftari la reko.

Kazi yake ni kupita nyumbani kwa watu, kufundisha, kuhesabu, kukumbusha, kutambua mgonjwa mapema na kumtuma. Vijijini, mahali ambapo kituo cha afya ni mbali, kuna wareko wa aina nyingine waliofundishwa zaidi. Hao wanaweza kutibu watoto wa chini ya miaka mitano kwa magonjwa matatu yanayoua sana: malaria, kuharisha na homa ya mapafu. Huku mjini reko wetu kwa kawaida hatibu. Hachomi sindano. Hauzi dawa. Mtu akikuambia kwamba ni reko, kisha akakuuzia vidonge au kukutoza pesa ili akuandike, uende ukamwulize IT kama anamjua.

Asubuhi moja pamoja naye

Mama reko tuliyetembea naye anauza makala na nyanya mbele ya lupango lake. Anaamka saa kumi ya usiku kupanga biashara, anawatayarisha watoto kwenda kalasa, halafu, siku mbili kwa wiki, anamwachia binti yake meza na kuchukua daftari. Ndani ya mfuko wake tuliona bic mbili alizonunua mwenyewe, karatasi za picha za kufundishia, jetoni, na utepe wa rangi tatu wa kupima mkono wa mtoto.

Katika lupango la kwanza tulimkuta binti mwenye mimba ya miezi mitano, hajaenda kupimwa hata mara moja. Aliogopa kuulizwa pesa, na aliogopa zaidi kuulizwa baba wa mtoto ni nani. Mama reko hakumgombeza. Aliketi naye kwenye mkeka, akamwuliza kama analala vizuri, kama miguu inavimba, kama kichwa kinauma. Mwishoni akasema: «Jumatano asubuhi nitapita, twende wote. Nitakuwa kando yako.» Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonwe mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Binti huyu alikuwa amechelewa, lakini tangu Jumatano hiyo amekwisha kuanza.

Katika lupango la pili alisoma fishi ya mtoto wa miezi mitano. Chanjo ya kwanza ilikuwako, ya pili hapana. Kisa chake ni kwamba familia ilihama toka komini nyingine, na mama alidhani ni lazima arudi kule alikoanzia. Wengi hatujui hili: mtoto anaweza kuendelea na chanjo katika kituo chochote cha karibu, mradi fishi yake iko. Na hata kama tarehe imepita, haanzi upya, anaendelea pale alipoishia.

Katika lupango la nne baba alisimama langoni na kusema hataki sindano kwa watoto wake, kwa sababu amesikia mambo kwenye simu. Tulidhani patakuwa na kelele. Mama reko alimwuliza tu: «Umesikia nini, papa? Niambie yote.» Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba wajukuu wake wawili wamechanjwa na wako pale ng'ambo ya barabara, anaweza kwenda kuwatazama. Baba hakukubali siku ile. Lakini alisema: «Rudi mke wangu akiwako.»

Siku hiyo tulipita katika lupango 11. Tatu hazikufungua. Tulichungulia daftari tuone ameandika nini mbele ya hizo tatu. Hakuandika «wamekataa». Aliandika «nitarudi».

Kabla ya wareko

Nkambo mmoja wa ushirika wetu, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, alitusikiliza tukisimulia, akacheka. Akatuambia kwamba zamani, katika makambi ya kampuni, hakuna aliyepita kukubembeleza. Siku ya kupima watoto ilijulikana, na mama asiyekuja aliitwa kujieleza. Ni kweli kwamba tangu wakati wa Union Minière, kampuni ilijenga hospitali, mahali pa kuzalia na pa kupimia watoto wachanga, kwa sababu ilitaka wafanyakazi wakae hapa na familia zao na watoto wao wakue na nguvu. Huduma ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya mwajiri: ukiwa nje ya kampuni, ulikuwa nje.

Halafu Gécamines ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Familia nyingi za mji huu zilipoteza kwa siku moja mshahara, akiba ya unga na mlango wa hospitali. «Siku hiyo,» alisema nkambo, «ndipo nilipojua bei ya dawa.»

Njia nyingine ilikuwa imeanza kufikiriwa kabla ya hapo. Mwaka 1978, nchi nyingi za dunia zilikutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati ule, zikakubaliana kwamba afya ianzie karibu na watu wanapokaa, na kwamba watu wenyewe washiriki kuipanga. Nchi yetu ilikuwa kati ya zile zilizofuata njia hiyo mapema, kwa kuunda zoni za afya. Reko ni tunda la mawazo hayo. Tofauti na wakati wa makambi ni kwamba yeye hana uwezo wa kukulazimisha. Hana mshahara wako mkononi, hana akiba yako ya unga. Ana uso wake tu, na ujirani. Tukimfungia lango, kazi yake imekwisha.

Wakati hatari inapoingia mjini

Wako wanaosema: «Sisi tuko mjini, hospitali ya Sendwe iko, kliniki ziko, reko wa nini?» Tunawakumbusha mambo mawili.

La kwanza ni kolera. Mji wetu uliipata vibaya mwanzoni mwa 2008, na tena 2013. Kolera haingojei mtu apange foleni: mgonjwa anaweza kufa kwa masaa machache kwa kupoteza maji. Hospitali inaokoa anayefika. Lakini ni nani anayejua kwamba katika avenyu fulani watu watatu wameharisha tangu asubuhi? Ni yule anayekaa katika avenyu hiyo.

La pili ni surua, ile tunayoiita rujole. Mwaka 2019 serikali ilitangaza janga la surua katika nchi nzima, na kabla halijaisha lilikuwa limeua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Ni ugonjwa wenye chanjo. Mtoto anapewa chanjo hiyo akiwa na miezi tisa, na kwa bahati mbaya miezi tisa ndiyo umri ambao wengi wetu tunakuwa tumeacha kwenda kupima: mtoto anakaa, anatambaa, anaonekana mzima, nasi tumerudi sokoni. Wareko wanatuambia kwamba hao ndio watoto wanaowatafuta zaidi.

Kuna pia habari njema. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini mwetu alionekana Desemba 2011, na tarehe 25 Agosti 2020 bara zima la Afrika lilitangazwa kuwa limeondokana na polio hiyo. Bado iko polio ya aina nyingine inayotokea mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, na ndiyo sababu kampeni zinarudi. Kazi hiyo ilifanywa kwa miguu, mlango kwa mlango, na watu kama huyu mama wa makala na nyanya.

Mambo ya kukata na kubandika ukutani

Tulimwomba mama reko atuambie mambo anayotamani kila mama ayajue hata kama yeye hayuko. Haya hapa.

Mtoto anapoharisha: usimnyime ziwa wala chakula. Changanya pakiti moja ya serumu ya kunywa katika litre 1 ya maji salama, mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Mchanganyiko huo ukikaa zaidi ya masaa 24, umwage. Kama pakiti hakuna, tia katika litre 1 ya maji salama vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi, kisha mpeleke kituoni. Kule ataongezewa vidonge vya zinki, ambavyo anameza siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Mtoto anapokohoa: mfunue kifua, atulie, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au pumzi 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za mbio. Mpeleke. Kama ngozi chini ya mbavu inazama kila akivuta pumzi, usipite kwanza farmasi.

Homa: usiseme «ni malaria tu» na kununua vidonge sokoni. Mtoto apimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake. Na usiku alale ndani ya mustikeri, hata wakati wa kiangazi. Mustikeri ya kufunika mahindi au kufugia kuku haimlindi mtoto.

Utepe wa mkono: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kijani ni zaidi ya sentimita 12.5, manjano, kati ya 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali na apelekwe bila kuchelewa. Mama mwenyewe anaweza kujifunza kupima.

Dalili za kukimbia: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri. Kwa mama mjamzito: damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, mtoto kuacha kucheza tumboni, maji kutoka kabla ya wakati. Kwa hayo yote usingoje asubuhi, na usingoje baba arudi.

Anaishi kwa nini?

Sasa turudi kwenye swali la mkutano wetu. Jibu ni kwamba reko hana mshahara. Ni mtu wa kujitolea. Siku za kampeni ya chanjo au za kugawa mustikeri hupata pesa kidogo, na pesa hizo zinaweza kuchelewa. Siku nyingine zote, za kuamka usiku na za kurudi katika lango lililofungwa, hapati kitu. Mama reko wetu alituambia kwamba walipoanza pamoja katika eneo lao walikuwa wengi kuliko sasa. Mmoja alipata kazi ya kufua, akaacha. Mwingine bwana yake alimkataza, akisema anaacha jiko lake ili achunge majiko ya watu. Hatukuweza kumlaumu bwana huyo kwa moyo wote.

Mwezi wa Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema wahudumu wa afya wa jamii walipwe kwa kadiri ya kazi wanayofanya. Majirani zetu wameanza, kila mmoja kwa namna yake. Ng'ambo ya Kasumbalesa, nchini Zambia, kuna wasaidizi wa afya wa jamii wanaosomeshwa mwaka mzima na kuajiriwa na serikali. Wa kwanza walimaliza masomo mwaka 2012. Nchini Rwanda wahudumu wa vijijini wamejiunga katika vyama vya ushirika vyenye miradi yao, na malipo yanapitia humo. Kenya, mwezi wa Septemba 2023, iliwazindua wahudumu 100,000 wenye vifaa na posho ya kila mwezi inayolipwa kwa pamoja na serikali kuu na kaunti.

Hatuandiki haya ili kuwatia wareko wetu uchungu. Tunayaandika ili tujue kwamba kulipwa si ndoto, na kwamba tunapokutana na viongozi wa komini na wa zoni, hilo ni jambo la kuuliza kwa heshima na bila kuchoka. Lakini serikali ikichelewa, mvua ya Januari haitachelewa. Sisi tutafanya nini?

Tuliyoyakubali

Katika mkutano wetu uliopita hatukukubaliana mara moja. Wengine walisema: tukianza kumpa reko pesa, kesho atapita kwa wanaotoa na kuwaacha wasio nacho. Hoja hiyo ni ya kweli, na wareko wenyewe waliikubali. Wengine walisema: asante tupu haijazi sufuria. Nayo ni kweli. Tulizungumza mpaka jua likashuka, tukatoka na mambo manne ambayo kila kikundi kinaweza kuyajaribu.

Moja: hatutampa reko pesa mkononi, nyumba kwa nyumba. Kikundi kitatoa vitu vya kazi kwa wareko wote wa eneo, mbele ya IT na CODESA: daftari, bic, sabuni, mwavuli wa mvua, unité za simu. Itaandikwa, na wote wataona.

Mbili: mama reko akitaka kuingia katika likilimba yetu, aingie. Wale wawili waliopo tayari watapata zamu yao katika miezi ya mwanzo wa kalasa, wakati mzigo ni mkubwa. Hii si zawadi. Wanachanga kama sisi. Lakini reko mwenye mtaji wa makala hatalazimika kuacha daftari.

Tatu: tutaweka sanduku dogo la usiku, kwa ajili ya pikipiki ya mgonjwa mwenye jetoni ya reko. Kila mama atatia kidogo katika kila mkutano, na anayetumia atarudisha polepole anavyoweza. Mama wa mtoto wetu ndiye aliyetia pesa ya kwanza.

Nne, ambayo haina gharama: tutafungua. Kama hatuna nafasi, tutatoka tuseme siku gani tuna nafasi. Tutaweka fishi za watoto mahali tunapopajua, si chini ya godoro. Tutasema ukweli juu ya maji tunayokunywa, hata kama ukweli ni aibu. Na tutawaeleza baba wa nyumba zetu huyu mwanamke ni nani, ili wasimfukuze tukiwa sokoni.

Tulimwuliza mama reko, mwisho wa asubuhi ile, kwa nini alikwenda usiku kwa mtu aliyemfukuza. Alishangaa kwa swali. Alisema: «Kijana alikuja anakimbia bila viatu. Ningeuliza nini tena?» Kisha akatuomba radhi, maana makala yake yalikuwa juani bila mtu na binti yake alitakiwa kwenda kalasa ya mchana.

Jumamosi ijayo, katika mikutano ya vikundi vyote, tutaanza kwa swali moja kabla ya sala na kabla ya hesabu: reko wa avenyu yako anaitwa nani, na anakaa lupango namba ngapi? Asiyejua asione haya. Sisi pia hatukujua. Ana wiki nzima ya kuuliza, na mvua bado haijaisha.